UZI: Kulala kwenye vibanda vya milima ya Alps, na kwa nini umsikilize mtunza kibanda kuliko simu yako

Mzamu wa Lausanne (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila majira ya joto yakikaribia napata ujumbe uleule kutoka kwa ndugu zetu walioko huku Ulaya, na hata walioko nyumbani wanaopanga kuja kutembea: vile vibanda vya juu milimani vikoje? Mtu wa kawaida anaruhusiwa kulala? Ni hoteli au ni kambi? Naandika hapa mara moja ili niwe nawatumia watu kiungo. Naishi Uswisi, nafanya kazi ya zamu hospitalini, na likizo zangu nyingi zinaishia milimani. Nitatumia njia moja ninayoipenda sana, ile inayotoka Chamonix kule Ufaransa hadi Zermatt hapa Uswisi, kwa sababu juu yake utakuta vibanda vya kila aina.

Na niseme kabisa ninachokiamini, mtakaochoka kusoma mwondoke na hili: kitu cha thamani kwenye kibanda cha mlimani ni yule mtu anayekitunza. Kitanda ni godoro tu. Mtunza kibanda anakaa pale msimu mzima, anaona njia kila siku, anajua jana jiwe gani limeporomoka na leo mto gani umejaa. Watu wanalipa hela nyingi kulala pale halafu wanaondoka asubuhi bila kumuuliza chochote, wanafuata mstari wa bluu kwenye simu. Hilo linaniumiza, maana wengine hawafiki.

Sasa njia yenyewe. Ni karibu kilomita 200. Wengi wanaimaliza kwa wiki mbili hivi, wenye miguu myepesi chini ya hapo. Haikupandishi kilele chochote. Inakutoa bonde moja na kukuingiza jingine kupitia mapengo kati ya vilele, na mengi ya mapengo hayo yanakaribia mita 3,000. Usiku mwingine unalala vijijini, Champex, Arolla, Zinal, kwenye kitanda chenye mashuka na bafu la maji moto. Lakini kati ya Le Châble na Arolla njia haikutani na kijiji. Unatoka Cabane du Mont Fort (cabane ni kibanda kwa Kifaransa), mita 2,457, unashinda kwenye mawe matupu ambako hata nyasi zimekata tamaa, unafika kibanda cha Prafleuri, na ukitaka unasogea mpaka Cabane des Dix, mita 2,928, mkabala na ukuta wa kaskazini wa mlima Mont Blanc de Cheilon.

Prafleuri ina habari yake. Hapo palikuwa machimbo ya kokoto za zege iliyojenga bwawa la Grande Dixence. Bwawa hilo lina kimo cha mita 285, lilikamilika mwaka 1961, na hakuna bwawa la aina yake duniani, lile linalosimama kwa uzito wake wenyewe, linaloizidi kimo. Wafanyakazi waliishi huko juu, kwenye baridi ile. Ukitoka Prafleuri asubuhi unapanda pengo fupi la Col des Roux, na ukifika mgongoni tu unaliona ziwa lote la bwawa limelala chini yako, refu, rangi ya kijani kama ya chupa. Halafu unatembea kando yake kwa muda mrefu karibu tambarare, mapumziko makubwa kwa magoti.

Vibanda hivi ni vya nani? Uswisi vingi ni vya chama cha wapanda milima, kinachofahamika kwa kifupi SAC. Kilianzishwa mwaka 1863, na mwaka huohuo wakajenga kibanda chao cha kwanza chini ya mlima Tödi. Leo vinazidi 150, na kila kimoja kinamilikiwa na tawi fulani la chama; Cabane des Dix ni ya tawi la Monte Rosa. Ujerumani, Austria, Italia na Ufaransa wana vyama vyao na vibanda vyao, na viko vya watu binafsi pia. Mwanachama analipa pungufu. Lakini asiye mwanachama anakaribishwa vilevile: huhitaji kadi, huhitaji kumjua mtu, huhitaji kuwa na kiongozi. Unaweka nafasi kwenye mtandao au unapiga simu, unakwenda kwa miguu yako.

Ukitaka kuelewa kila sheria ya kibandani, jiulize kitu kimoja: hiki kimefikaje hapa juu? Hakuna barabara. Unga, gesi, viazi, magodoro, bia, hata mbao za ukarabati vinakuja kwa helikopta, na takataka zinashuka kwa helikopta. Ndiyo maana chupa ya maji ya lita moja na nusu inaweza kuzidi faranga 10. Ndiyo maana unaambiwa ushuke na takataka zako mwenyewe, hata ganda la chungwa. Umeme ni wa sola, kwa hiyo usitegemee soketi ya kuchajia simu, beba pawabanki. Maji ya bomba mara nyingi ni ya theluji inayoyeyuka, na mwishoni mwa msimu theluji ikiisha yanapungua kweli. Vibanda vingi havina bafu kabisa, na penye bafu unalipia dakika chache. Choo mara nyingi ni cha shimo au cha kukaushia, tena kingine kiko nje, utatoka na tochi usiku.

Bei: kitanda, chakula cha jioni na kifungua kinywa kwa asiye mwanachama mara nyingi huwa kati ya faranga 80 na 100. Najua ni hela. Lakini hotelini Zermatt kiasi hicho huenda kisikupe hata kitanda peke yake. Beba keshi. Vipo vinavyopokea kadi, ila mtandao ukikatika mlimani kadi ni plastiki tu.

Ukifika, mlangoni kuna chumba kidogo cha viatu. Buti zinabaki hapo, fimbo zinabaki hapo, unavaa ndala za kibanda ambazo zimepangwa kwenye rafu kwa saizi. Vibanda vingine siku hizi wanataka hata begi libaki chini kwa sababu ya kunguni, unapewa kikapu cha kupandishia vitu vya usiku. Kisha unaenda moja kwa moja kwa mtunza kibanda, unataja jina, anakutia alama kwenye orodha yake. Msikae nje mnapiga picha saa nzima kabla ya kujitambulisha. Ile orodha siyo ya hesabu ya vitanda tu. Jioni akiwa na jina ambalo halijafika na simu haipatikani, anaanza kuuliza wengine waliotoka upande ule kama wamemwona, na asiporidhika anawaita waokoaji. Kwa hiyo ukibadili mpango, hata kama ni saa sita mchana na umeshachoka na umeamua kushuka kijijini, piga simu. Kuacha kupiga simu ni kuwatuma watu wakutafute gizani wakati wewe unakula kuku.

Kulala ni bweni. Magodoro yamepangwa sambamba, mto mmoja na blanketi moja au duveti kwa kila mtu. Shuka lililoshonwa kama mfuko unakuja nalo mwenyewe, hiyo ni lazima. La hariri linakunjika mpaka kuwa kama ngumi. Vizibo vya masikio pia, maana kuna watu wanakoroma mpaka mbao zinaitikia. Saa nne usiku ni kimya. Mezani mnakaa mlipopangwa, na watu msiowajua, na chakula ni kimoja kwa wote: supu, saladi, kitu kizito kama tambi au viazi na nyama, kisha kitamutamu. Mnapakuliana kwenye bakuli kubwa. Nilikulia nyumba ya kula sinia moja, na pale mezani sijawahi kujisikia mgeni.

Sasa nije kwenye lile nililoanza nalo. Nilipolala Dix, baada ya supu mtunza kibanda, mama mmoja wa makamo mwenye mikono ya kazi, alipita meza kwa meza na kalamu na ramani iliyochakaa kwenye mikunjo. Kila kundi aliliuliza swali lilelile: kesho mnaelekea wapi? Sisi tulikuwa tunakwenda Arolla. Njia inashuka kutoka kibandani, inavuka mto wa barafu wa Cheilon, yaani barafu nene inayoteremka polepole bondeni, halafu inapanda ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba pale Pas de Chèvres, mita 2,855. Jirani yangu wa mezani akamwonyesha simu yake, mstari umekatiza barafu moja kwa moja. Yule mama akatikisa kichwa, akachukua kalamu akachora kwenye kitambaa cha karatasi: hapa barafu imefunguka mfereji wa maji, wiki iliyopita haukuwepo, pandisheni kwanza hadi mkione kijilima cha mawe, vukeni hapo, kisha rudini chini mkielekea ngazi. Akaongeza kwamba tuvuke asubuhi, barafu ikiwa bado ngumu, maana mchana maji yanakuwa mengi.

Asubuhi tuliuona ule mfereji. Maji ya bluu yanapita kwa kasi kwenye barafu laini kama vigae, upana wa kama hatua tatu, na ule mstari wa simu ulipita juu yake pale pale. Tulifuata kitambaa cha karatasi. Tulivuka mawe makavu bila kulowesha soksi. Juu ya barafu ile mawe yamejaa, ukitazama kwa mbali utadhani ni uwanja wa kokoto, lakini unasikia maji yanakimbia chini yake.

Ramani ya simu ni nzuri, naitumia. Ila barafu inatembea, inazama, na ramani haijui. Nenda kibanda cha Konkordia kando ya mto wa barafu wa Aletsch uone: kilipojengwa mwaka 1877 barafu ilikuwa chini kidogo tu, leo watu wanapanda ngazi za chuma zenye vidato zaidi ya 400 kukifikia, na wamekuwa wakiziongeza kadiri barafu inavyoshuka. Kibanda cha Mutthorn kilifungwa mwaka 2021 kwa sababu mlima ulio nyuma yake ulianza kupasuka. Milima hii inabadilika tukiwa tunaitazama. Mtu aliyeamka hapo leo ndiye anayejua.

Karibuni kwa maswali.

---

Mkwezi wa Marangu

Dada, uzi umetulia, heshima kwako. Mimi ni kiongozi wa watalii Kilimanjaro, njia ya Marangu, ile ya vibanda: Mandara, Horombo, Kibo. Nimesoma nikaona tofauti kubwa. Kwetu mgeni haruhusiwi kupanda bila kiongozi, na mpishi na wapagazi tunapanda naye. Kibanda ni paa na kitanda tu, chakula tunakuja nacho sisi, na ukitaka kujua njia unamuuliza kiongozi wako. Huko naona yote hayo yamewekwa kwa mtu mmoja anayekaa palepale.

Halafu kwa faida ya wadau: vibanda vya kwanza vya njia yetu vilijengwa zama za Mjerumani, watu wa chama cha milima wakileta desturi hiyohiyo ya kwao. Cha chini walikiita Bismarck, cha kati wakakiita Peters, kwa jina la Carl Peters, yule wazee wetu waliyemwita Mkono wa Damu. Baadaye vikapewa majina ya Mangi Mandara na Mangi Horombo. Mimi kila nikifika Horombo na wageni nawaeleza hilo, wanyamaze kidogo walisikie.

Swali langu: huko begi anabeba nani? Na mtu anayetoka Marangu hapa, amezoea mita 3,720 za Horombo, mita 2,900 zitamsumbua?

---

Mzamu wa Lausanne

Kaka, asante sana kwa hilo la majina, na uendelee kuwaeleza. Kuna jambo linaloungana nalo: Ludwig Purtscheller, aliyefika kilele cha Kilimanjaro na Hans Meyer mwaka 1889, ana kibanda chenye jina lake kwenye mpaka wa Ujerumani na Austria, Purtschellerhaus, na mpaka unapita katikati ya nyumba.

Begi unabeba mwenyewe. Wapagazi hakuna, ingawa kati ya vijiji kuna kampuni zinazosafirisha mizigo kwa gari. Kibandani gari haliendi. Kwa vile chakula na malazi viko juu, begi la kilo nane linatosha kabisa, na kumi ni nyingi. Nguo za kubadili seti moja, koti la mvua la kweli, sweta nzito, kofia na glavu hata mwezi wa nane, dawa ndogondogo, shuka, tochi ya kichwani, maji.

Mwinuko hautakusumbua wewe. Utakachokiona kigeni ni kupanda na kushuka kila siku. Kilimanjaro unapanda siku kadhaa halafu unashuka moja kwa moja. Huku unapanda mita elfu moja asubuhi, unashuka elfu na mia mbili mchana, kesho tena hivyohivyo. Magoti ndiyo yanalia. Fimbo mbili si anasa.

---

Bin Mkunazini

Assalaam alaykum. Niko Munich, asili Unguja. Natamani sana kwenda lakini nina mambo mawili: chakula na sala. Nikikaa meza moja na watu wanapakuliana bakuli moja, nitajuaje kilichomo? Na sala ya alfajiri kwenye bweni la watu ishirini?

---

Mzamu wa Lausanne

Wa alaykum salaam kaka. Chakula: andika wakati wa kuweka nafasi kwamba unakula mboga tu. Usisubiri kusema ukishakaa mezani, maana yule mtu kapika kwa hesabu ya orodha. Ukisema mapema utaletewa sahani yako peke yake. Kuwa mwangalifu na mambo matatu: supu, mara nyingine hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa, jibini ile ya kuyeyushwa, kwa kawaida huchanganywa na mvinyo mweupe, na kitamutamu chenye jelatini. Uliza tu, hawachukii.

Sala nawaachia wanaojua wajibu vizuri zaidi.

---

Mama Sumayya

Bin Mkunazini, mimi na mume wangu tunakwenda kila mwaka, upande wa Austria. Tunamwambia mtunza kibanda jioni: tungependa kona ya kusali asubuhi na mapema. Hatujawahi kukataliwa. Mara nyingi ni chumba cha kulia, kabla meza hazijaandaliwa, au ule ukumbi wa juu ya ngazi. Wapanda vilele wenyewe wanaamka saa tisa, saa kumi za usiku, wala hutamwamsha mtu. Weka vitu vyako vya asubuhi tayari kabla ya kulala, tena usiviweke kwenye mfuko wa plastiki wenye kelele. Udhu tunatia kwa kikombe kimoja cha maji, kidogokidogo. Mahali pasipo maji kabisa, tayamamu ipo, mawe hayo hayajaisha. Qibla pakua mapema ukiwa bado na mtandao.

---

Mjaluo wa Stuttgart

Habari zenu. Mimi ni Mkenya. Kwetu Mount Kenya kuna Austrian Hut, karibu mita 4,790, chini ya Point Lenana, na pale hakuna mtu wa kukupikia, unajibebea kila kitu. Sasa nauliza, hivi vya Alps msimu ukiisha vinafungwa kabisa? Nikifika mwezi wa kumi nikute kufuli, si nitaganda? Na simu ya dharura ni gani?

---

Mzamu wa Lausanne

Swali zuri sana. Msimu ukiisha mtunza kibanda anashuka, lakini vibanda vingi vya chama huacha chumba kimoja wazi, chumba cha baridi tunakiita. Ndani utakuta magodoro, mablanketi, jiko la kuni, sufuria, na kuni zilizopasuliwa. Hakuna maji, unayeyusha theluji. Hakuna mtu wa kukudai. Kuna sanduku la hela au bahasha, au siku hizi karatasi yenye alama ya kulipia kwa simu ukishashuka. Na kuna daftari. Andika jina, ulikotoka, unakokwenda, tarehe. Hilo daftari limeokoa watu, kwa sababu waokoaji wakianza kutafuta ndilo wanalofungua kwanza. Unazoa jivu, unafagia, unapasua kuni za atakayekuja, unafunga madirisha. Ila si kila kibanda kina chumba hicho wazi bila ufunguo, na si kila mtu anafaa kwenda wakati huo. Njia yenyewe ikiwa na theluji ni njia nyingine kabisa. Kwa safari ya kwanza nenda wakati mtunza kibanda yupo.

Namba: 112 inafanya kazi Ulaya nzima. Uswisi waokoaji wa helikopta wa Rega ni 1414, na kwenye jimbo la Valais, ambako sehemu kubwa ya njia hii imo, piga 144. Mtandao usipokuwepo kuna ishara ya zamani ambayo kila mpanda milima huku anaijua: mara sita kwa dakika moja, kwa filimbi, kwa tochi, kwa sauti, kwa kupunga nguo, unapumzika dakika moja, unarudia. Anayekusikia anajibu mara tatu kwa dakika. Helikopta ikikukaribia, mikono yote miwili juu maana yake nahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mmoja chini maana yake sihitaji. Msipunge tu kwa furaha mkiona helikopta, mnawachanganya.

Na bima, ndugu zangu. Uokoaji wa helikopta unaweza kukugharimu maelfu ya faranga ukiwa huna. Uliza kampuni yako kabla ya kuondoka.

---

Mnande wa Butembo

Wapendwa, miye ni Mkongo, niko Brussels. Nimefurahi kusoma. Nilipanda mpaka Capanna Margherita, upande wa Italia juu ya Monte Rosa, mita 4,554. Hicho ndicho kibanda cha juu kuliko vyote Ulaya, kimekaa kileleni kabisa, na kilifunguliwa mwaka 1893 kwa heshima ya Malkia Margherita. Malkia huyohuyo ndiye ambaye jina lake Mtemi wa Abruzzi, mpanda milima wa ukoo wa kifalme wa Italia, alilipeleka kwenye kilele chetu cha Ruwenzori mwaka 1906, mita 5,109, pale mpaka wa Kongo na Uganda unapopita. Nilikaa kwenye benchi la kibanda hicho nikafikiria kwetu Mutwanga, watu wanaouona mlima kila siku mawingu yakifunguka na hawajawahi kupewa nafasi ya kulala juu yake.

Wadau, hicho si cha kwenda bila kamba na kiongozi. Ni barafu tupu na nyufa. Kichwa kiliniuma usiku kucha.

---

Mzamu wa Lausanne

Ndugu yangu, ulichosema kuhusu Mutwanga kimenigusa. Na ni kweli, wadau msichanganye: njia ya Chamonix hadi Zermatt ni ya watembeaji, Margherita ni ya wapanda barafu.

---

Anti Rehema

Dada Mzamu, mimi ni mwanamke, nasafiri na binti yangu wa miaka kumi. Hilo la bweni la mchanganyiko linanipa hofu. Naomba ukweli.

---

Mzamu wa Lausanne

Dada, nakupa ukweli kama ninavyoujua. Ndiyo, mabweni ni ya mchanganyiko, wanaume kwa wanawake. Watu wanalala na nguo zao za ndani ndefu au nguo za michezo, wamechoka, na bweni limejaa macho ya watu. Nimelala hivyo peke yangu sana na sijaguswa wala kusemeshwa vibaya. Hilo halimaanishi uizime hofu yako. Ukiweka nafasi sema una mtoto, omba chumba kidogo au magodoro ya ukutani. Vibanda vingi vina vyumba vya watu wanne au sita na familia hupewa kwanza. Binti alale ukutani, wewe upande wa watu. Na kama kitu chochote kinakukera, shuka kwa mtunza kibanda usiku huohuo. Ni nyumba yake, anaweza kukuhamisha.

Kwa mtoto wa miaka kumi usianze na njia nzima. Anza na usiku mmoja. Cabane du Mont Fort inafikika kwa mwendo mfupi ukipanda na gari la kamba kutoka Verbier, na mtoto atakula, atalala, atashuka kesho yake akiwa bado anacheka. Akitaka tena, mwaka kesho mpeleke Prafleuri. Angalia alama njiani: kibao cha njano kitupu ni matembezi ya kawaida, rangi nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani inayotaka buti na uangalifu, nyeupe-bluu-nyeupe ni njia ngumu ya alpini. Hiyo ya mwisho usiende na mtoto hata kama mwenye duka la viatu amekuambia ni rahisi.

---

Bin Mkunazini

Mama Sumayya, Allah akulipe kheri. Dada Mzamu, mara ya mwisho: niweke nafasi lini? Nimeona kibanda kimoja mtandaoni Jumamosi zote zimejaa.

---

Mzamu wa Lausanne

Jumamosi ndiyo siku mbaya kuliko zote, kila mtu yuko huru siku hiyo. Nenda Jumapili jioni hadi Alhamisi, utakuta nafasi hata Agosti. Vibanda vya njia hii kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Juni na kufungwa katikati au mwishoni mwa Septemba. Mwanzoni mwa Julai bado kuna theluji kwenye mapengo ya juu, hasa kati ya Mont Fort na Prafleuri. Mimi ningekuambia wiki mbili za kwanza za Septemba: radi zimepungua, watoto wamerudi shule, mabweni yana nafasi, ila siku ni fupi, kwa hiyo uwe umeondoka saa moja asubuhi.

Mtandao ukisema kumejaa, piga simu. Watu hughairi kila siku na mfumo unachelewa kuonyesha. Piga kati ya saa nane na saa kumi jioni. Asubuhi wanafanya usafi, na kuanzia saa kumi na moja wako jikoni. Sema jina, idadi ya watu, unatoka upande gani, na hayo ya chakula. Kisha siku moja kabla ya kufika piga tena, umuulize njia ikoje.

Nitumie ujumbe wa faragha tarehe ukishazipata, nikuangalizie mapengo.